Mto Wangu, Wadudu wa Josia

Mwanhale, Bariadi
9 Machi 2025

Kwa Josia, Mgalu wa kushindwa,

Mwadila, mtani wangu. Nakuandikia kwa sababu masikio yako yamefunga duka, na kukupigia wewe simu ni sawa na kuongea na jiwe la kusagia. Barua hii inaletwa na Paschal, yule wa bodaboda wa Somanda. Mpe maji ya kunywa, usimhubirie.

Habari kubwa ni hii. Mjukuu wangu Nyamizi, yule aliyeko chuo kikuu, ameupima mto wetu wa Ndoba. Ameupima kwangu huku chini na ameupima kwako huko juu, kuona nani ana viumbe wengi majini. Nimeshinda. Kwangu kuna kaa, kuna vyura, kuna kereng'ende, kuna wadudu ambao hata majina bado hawajapewa. Profesa wake amesimama akapiga makofi.

Haya, nimedanganya. Nilitaka barua ianze vizuri. Ukweli ni kwamba alitumbukiza wavu wake pale kivukoni kwangu, akaumwaga kwenye sinia jeupe, tukainama wawili kama watu wanaochambua mchele. Kulikuwa na minyoo myekundu inajikunja, ruba mmoja, na watoto wa mbu. Basi. Akaniambia, "Babu, huku kwako wamebaki wale wagumu." Nikadhani ananisifia, nikamchinjia kuku.

Baada ya kuku akasema anapanda kwako kwa siku moja kupima. Siku moja hiyo sasa imezaa wiki nzima. Paschal anasema amemkuta barazani kwako anacheka mpaka anashika tumbo. Anasema pia anakuita guku. Josia, guku na babu wa mtoto yule ni mimi. Nimemlea tangu ananyonya, na jina lake ni la marehemu mke wangu, unalifahamu vizuri jina hilo. Nataka kujua analala wapi, anakula nini, na anacheka nini.

Na kile kigoda changu, ulichoapa kunichongea mwaka ule sisi Wagika tulipowashinda ninyi Wagalu kwenye ngoma, sijakiona. Umri huu unasubiri nini.

Mimi mshindi wako wa siku zote,
Mhoja


Mwashilindi
15 Machi 2025

Ndugu Mhoja,

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mke wangu Milembe naye apate kucheka. Paschal tumempa maji. Sikumhubiria sana.

Mtoto yuko salama. Analala chumba cha binti yetu Martha, aliyeolewa Lamadi. Anakula michembe ya Milembe, ile ya viazi vikavu inayopikwa na karanga, na kila akimaliza anaomba ukoko. Anachocheka ni hadithi zako za ujana, ambazo ninamsimulia bila chumvi, kwa kuwa ulizitia mwenyewe.

Mimi sikujua kama tuna utajiri huku. Wewe unakujua kwetu, mto unatoka kwenye mawe, miti ya wazee bado imesimama kando, na ng'ombe tunawanywesha chini ya daraja, si huku juu. Nilidhani mle majini kuna wadudu tu. Sasa amenionyesha mmoja anayejijengea nyumba ya punje za mchanga na kuibeba mgongoni, na mwingine wa mikia mitatu. Anasema hao ni wapole, mto ukianza kuchoka wao ndio wanaohama kwanza. Kila asubuhi ananiita, "Guku, njoo uone." Nami ninakwenda, mgongo huu huu.

Nilimwona anachuchumaa pale ukingoni kutwa nzima, nikamwonea huruma. Nikamchongea kigoda cha miguu mifupi, cha kukaa mtoni. Amekipenda sana. Anasema hajapata kukaa vizuri namna ile tangu azaliwe.

Mambo ya ngoma, mimi ni mzee wa kanisa, nimeyaacha. Ila ninavyokumbuka, aliyepata watazamaji wengi ndiye aliyeshinda, na wewe ulipitisha michembe kwa watazamaji wetu ili wavuke uwanja waje upande wenu. Huo si ushindi, ndugu yangu, huo ni uchaguzi.

Ndugu yako,
Josia


Mwashilindi
21 Machi 2025

Shikamoo babu,

Simu yako hupokei. Umemwambia Paschal imeanguka kisimani, lakini mimi nikipiga inaita mpaka mwisho. Basi nakuandikia.

Nasikia umenuna kwa sababu ya yale niliyoyakuta kivukoni. Babu, sikusema mto wako ni mbaya. Nilisema umechoka. Huko chini miti imekatwa, kwa hiyo jua linayachemsha maji. Malori ya mchanga yamechimba mawe yote ambayo kaa na wadudu wanajificha chini yake. Ng'ombe wanaingia humo humo, maji yanakuwa tope. Halafu inakuja sumu ya pamba. Kila jambo lingekuja peke yake, mto ungevumilia. Yakija yote pamoja, wapole wanaondoka au wanakufa, wagumu wanabaki na kujaa. Ile minyoo myekundu imejaa kwako si kwa sababu inakupenda, ni kwa sababu majirani wameshahama.

Hiyo ndiyo kazi yangu yote: kuonyesha nani amebaki na nani ameondoka, mto ule ule, juu na chini. Nikikosea hapo, hakuna shahada. Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Nitarudi kwako kupima tena Jumatano baada ya Pasaka. Mpaka hapo, usiguse chochote pale kivukoni. Uache kama ulivyo.

Na usimkasirikie guku Josia. Ni mtu mzuri.

Mjukuu wako,
Nyamizi


Mwanhale
27 Machi 2025

Nyamizi,

Marahaba. Simu imeanguka kisimani kweli. Hicho kinachoita ni kisima.

Sijanuna. Kununa ni kazi ya vijana, sisi wazee tunakaa tu kimya tukitazama upande mwingine. Nimesoma maelezo yako kuhusu mto kuchoka. Na mimi nimechoka, mbona huniandikii shahada.

Ila hiyo unayoiita sumu ya pamba sisi tunaiita dawa. Tunanunua dawa, tunapuliza dawa, pamba inapona, wewe unasoma. Usiitukane ada yako.

Nasikia umepewa kigoda. Kikalie kwa uangalifu. Josia huyo mbao zake huwa zinapasuka, na aliyekaa anabanwa mahali ambapo hawezi kumwonyesha daktari.

Kwamba Josia ni mtu mzuri, hilo nililisikia mara ya kwanza kwa bibi yako kabla hajanichagua mimi. Alisema hivyo hivyo, "ni mtu mzuri," halafu akanichagua mimi. Nimekukumbusha tu.

Babu yako, wa kwanza na wa pekee,
Mhoja


Mwanhale
13 Aprili 2025

Mtani Josia,

Mwangaluka. Leo sina maneno makali, nina shida. Bata wangu wamekonda. Nimewapa pumba, nimewapa dagaa wa Lamadi, hawataki. Nimekumbuka kwamba bata ni mnyama wa majini na labda anatamani chakula cha majini, na mto wangu, kama unavyotangaziwa kila asubuhi, hauna kitu.

Nakuomba dumu moja la maji ya mtoni kwako, na ndani yake hao wadudu wako: kaa wawili watatu, watoto wa kereng'ende, wale wanaobeba nyumba, na wale wa mikia mitatu wasikosekane. Utoboe kifuniko, wapate hewa. Mpe Paschal Jumatatu ya Pasaka, aendeshe polepole, asiruke matuta.

Usimwambie Nyamizi. Atasema nawaonea bata.

Mhoja


Mwashilindi
19 Aprili 2025

Ndugu Mhoja,

Heri ya Pasaka. Dumu litakuja na Paschal keshokutwa. Sijapata kusikia bata anayechagua wadudu kwa idadi ya mikia, lakini huenda wa kwako wamesoma.

Nyamizi ameondoka jana, amepanga chumba Somanda kwa siku hizi za kupima kwako. Amemwachia Milembe kitenge. Mimi ameniachia kigoda, nimtunzie.

Bata wako wapone kwa neema.

Josia


Somanda
24 Aprili 2025

Shikamoo babu,

Jana nimekuja kwako mara tatu. Asubuhi shangazi Violeth alisema umelala, mguu unauma. Mchana akasema bado umelala. Jioni akasema umelala, na mimi nilisikia redio ikizimwa. Kama mguu ni mbaya hivyo, nikupeleke hospitali.

Nilikuwa na shida na nilitaka kukuona. Pale kivukoni nimekuta maiti. Kaa wawili matumbo juu, watoto wa kereng'ende wametapakaa, na wale wanaobeba nyumba za mchanga wamefia ndani ya nyumba zao. Wote wale wapole, wote wamekufa, na mwezi wa tatu sikumwona hata mmoja. Unaelewa maana yake? Maana yake walikuwepo siku zote na mimi sikuwaona. Mwalimu wangu kaniambia kwenye simu kwamba kama hesabu ya Machi ni ya uongo, hakuna cha kuendelea nacho, nifunge vifaa. Nilikaa kwenye lile gogo lako nikalia, babu, mbele ya wachunga ng'ombe.

Halafu nikafikiria kilichowaua. Shamba la Salu linagusa mto, na asubuhi ile alikuwa anapuliza pamba. Nimemweleza mtendaji wa kijiji, Veronica. Amemwita Salu mbele ya mkutano, Jumamosi ya tarehe tatu. Salu anaapa kwamba hakusogea mtoni. Wewe nyumba yako inatazama kivuko. Je, ulimwona?

Mguu upone.

Nyamizi


Mwanhale
25 Aprili 2025

Josia,

Isome barua hii peke yako. Usiisome kwa sauti, na Milembe mpeleke kuchota maji.

Bata hakuna. Wa mwisho nilimla Krismasi.

Wadudu nimewatia mtoni. Sasa usianze kutikisa kichwa. Wewe na mimi tumekua kwenye ngoma, tunajua ushindani unavyokwenda: mwenye watazamaji wengi ameshinda, na watazamaji wakikataa kuvuka, unawasaidia kuvuka. Nilifikiri Nyamizi ataingiza wavu Jumatano, atawakuta wameketi, atasema, "Kumbe babu, na kwako wapo," atavua viatu, ataingia ndani, atakula. Ni hilo tu nililotaka. Sikutaka makofi ya profesa.

Wamekufa wote. Sijui wamekufa kwa nini, labda kwa kiburi, kwa kuwa wametoka kwako. Sasa mtoto anadhani alikosea kuhesabu na kazi yake inaanguka, Salu ameitwa mkutanoni, na mimi niko kitandani na mguu mzima, nimechoka kulala.

Kwa hiyo tukubaliane. Wewe hukutuma dumu, mimi sikupokea dumu, Paschal hajui alichobeba. Nitapata njia ya kulimaliza. Nyamaza, Josia. Kunyamaza ni rahisi kwako, tayari nusu ya kazi unaifanya, husikii.

Mhoja


Somanda
28 Aprili 2025

Shikamoo babu,

Nina habari, na nimefurahi sana.

Jana baada ya ibada guku Josia amekuja Somanda. Amekuja kwa bodaboda, na mgongo ule. Alisimama mlangoni kwangu akavua kofia, akasema wale wadudu walitoka kwake. Anasema wazo lilikuwa lake. Aliona unavyosononeka kwa ajili ya mto wako, akaamua kukufurahisha, akamtuma Paschal awamwage kivukoni bila wewe kujua. Hakufikiria kwamba ataniharibia kazi. Aliomba radhi kama mtoto mdogo, mzee wa kanisa mzima.

Babu, hesabu yangu ya Machi ni salama. Nimempigia mwalimu, anasema niendelee. Sijapata kuona mzee mkweli na mnyenyekevu namna ile. Nilimchukua tukala sato, alinisimulia tena ile ya wewe na fahali wa mwalimu mkuu. Keshokutwa napanda tena Mwashilindi. Nadhani vipimo vilivyobaki nitavifanyia huko.

Jambo moja tu halijaisha. Kama walimwagwa wakiwa hai, mbona walikufa wote kwa pamoja? Guku anasema labda safari iliwachosha. Mimi sidhani. Kuna kitu kimewaua, ndiyo maana Salu bado anasubiriwa Jumamosi.

Wewe hukujua lolote, na mimi nilikusumbua kwa maswali. Nisamehe.

Nyamizi


Mwanhale
29 Aprili 2025

Nyamizi,

Marahaba. Kaa chini kabla hujaendelea. Siyo kwenye kigoda cha Josia. Chini.

Mwambie mzee mkweli na mnyenyekevu anirudishie kosa langu.

Sikutaka kukwambia. Nilikuwa nimepanga kulala mpaka Jumamosi ipite, halafu nimfuate Salu na jogoo na maneno matamu. Lakini nimesoma kwamba umempa sato. Nimesoma "sijapata kuona." Mtoto, nimekulea miaka yote hiyo, nimekubeba mgongoni kukupeleka zahanati mvua ikitunyeshea, na hujapata kuniandikia "sijapata kuona." Halafu Josia anachukua uongo wangu, anaupanda bodaboda, anauvulia kofia, anapewa sato. Alinichukulia mjukuu nikanyamaza. Alikupa kigoda changu nikanyamaza. Dhambi yangu hapati.

Wazo lilikuwa langu. Nilimdanganya nina bata wanaoumwa. Yeye alileta dumu tu, wala hakujua ni la kufanyia nini, ingawa alishangaa kuhusu mikia. Muulize walikufaje, hajui, kwa sababu hakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Paschal alifika Jumatatu jioni, wadudu wote wazima, wanaogelea kwa madaha. Dumu alilihitaji, akataka kuondoka nalo. Nikawahamishia kwenye ndoo yangu ya bluu, walale humo mpaka asubuhi. Kaa mmoja alipanda ukingo wa ndoo akatoroka, nilimtafuta chini ya kitanda na kwenye kuni, sikumpata. Asubuhi nilipofunua, waliobaki wametulia. Nikajisemea wamelala, wadudu wa Josia ni wavivu kama yeye. Nikawamwaga hivyo hivyo pale kivukoni. Hawakuamka.

Ndoo ya bluu, Nyamizi, ndiyo ninayokorogea dawa ya pamba. Nilikuwa nimeisuuza vizuri. Naisuuza mara tatu kila nikimaliza kupuliza, mimi si mchafu.

Tangu barua yako ya Somanda nimekuwa nikiitazama ndoo ile. Kama kilichobaki kwenye ndoo iliyosuuzwa kimeua ukoo wote huo kwa usiku mmoja, yale maji ya kusuuzia yalikwenda kufanya nini huko yalikokwenda? Na mimi nasuuzia pale pale kivukoni, mbele ya nyumba yangu, tangu mama yako hajaolewa. Nilipoandika kwamba ni dawa na si sumu, ndoo ilikuwa pembeni yangu inanisikiliza.

Salu hakusogea mtoni. Nilimwona. Mpe Veronica barua hii, ila umfichie pale pa sato.

Sasa panda Mwashilindi ukitaka. Nimesema.

Mhoja, mwenye kosa


Somanda
30 Aprili 2025

Babu,

Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena, halafu nikakasirika na imebaki hapo. Karibu unifukuzishe chuo.

Veronica amesoma barua yote, pamoja na pa sato. Kesi ya Salu imefutwa. Jumamosi mkutano uko pale pale, ila atakayesimama ni wewe. Utakuja na ndoo.

Umeuliza mara nyingi kwa Josia napata nini, hujaniuliza kwa nini sikukaa kwako. Nitakwambia mara moja tu. Sikuweza kula ugali wako jioni, na mchana kuandika kwamba mto ulio mbele ya nyumba yako umekufa nusu. Nilidhani utaniona msaliti. Kwa Josia mto ni mzuri, hakuna anayeumia nikiandika, ndiyo maana nilicheka kule.

Kidimbwi chako pale kivukoni sasa kimevurugika. Lazima nisubiri kitulie, halafu nipime upya, pengine mpaka mwisho wa Juni. Nahitaji mahali pa kulala karibu na kivuko. Bado una kile chumba chenye dirisha bovu?

Nyamizi


Mwashilindi
25 Mei 2025

Ndugu Mhoja,

Bwana asifiwe. Nimesikia ulivyosimama mkutanoni na ndoo kichwani kama bibi harusi, na watu walivyocheka, na jinsi wanne kati ya waliocheka walivyokiri baadaye kwamba na wao wanasuuzia mtoni. Salu pia. Nimeambiwa mmechimba shimo la kusuuzia mbali na maji. Vema.

Nyumba yangu imepoa. Asubuhi naamka, hakuna anayeniita kutazama kitu. Nimeshuka mwenyewe mtoni nikafunua jiwe, nikamwona yule wa mikia mitatu, nikageuka nimwonyeshe mtu, hakuna mtu. Milembe amepika michembe, ukoko umebaki sufuriani. Paschal ananiambia huko kwako mtoto anaimba akifua. Sikumpa maji.

Nadhani sasa unanisikia ninavyoumwa. Wewe ugonjwa huu umeupata juzi. Mimi ninao tangu ule mwaka wa ngoma, nimeubeba mpaka kanisani na kurudi nao. Nilipomwendea mtoto Somanda na kofia yangu, nilijiambia ninakusitiri wewe. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nilitaka Nyamizi mmoja, angalau mmoja, anione mimi kuwa bora.

Kwa hiyo nikulipe ukweli wako kwa wa kwangu. Michembe yako haikushinda ngoma ile. Nilikuwa namtazama yeye tu siku ile, yule aliyekuja kuwa mkeo. Ulipompitishia sahani alitikisa kichwa, hakuchukua hata kipande. Halafu akavuka uwanja, mikono mitupu, akasimama upande wako. Nimekuacha miaka yote udhani ulimnunua. Ilinifariji.

Nisamehe.

Josia


Mwanhale
8 Juni 2025

Josia,

Mwadila. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nyamizi aliniuliza ninasoma nini kila jioni, nikamwambia ni tangazo la bei ya pamba. Habari ile ya sahani ungenipa mke wangu akiwa hai, ningemtania nayo mpaka kaburini. Hakuchukua hata kipande. Haya. Sina utani wa hapo, nikiupata nitakuletea.

Sasa nikukere kidogo, upate nguvu. Mto wangu bado umechoka. Malori bado yanakuja, tumeyahamisha chini ya kivuko lakini dereva mmoja haambiliki. Ng'ombe wangu nimewafundisha kunywa kwenye birika, wananitazama kama nimeoa mke wa pili. Minyoo myekundu ipo, inanisalimia. Nyamizi anasema nisitegemee wapole kurudi leo wala kesho, na kwamba mimi nitakuwa nimekufa kabla ya yule wa mikia mitatu kushuka huku. Anasema hivyo akiwa anakula kuku wangu, bila aibu yoyote, anaandika ubaya wa mto mbele yangu na ananisomea. Tumefika huko.

Lakini juzi aliinua jiwe pale kivukoni akaniita. "Babu, njoo uone." Nikaenda, mguu umepona ghafla. Kulikuwa na kaa. Mzima, ana gando moja kubwa, anatutisha. Ni yule wako aliyetoroka kwenye ndoo, ametoka chini ya kitanda changu akajipeleka mtoni mwenyewe kwa miguu. Nikamwambia Nyamizi amwandike. Akasema haandikwi, huyo ni mgeni, aliletwa. Nikamwambia hata mimi babu yangu aliletwa hapa na ng'ombe wake, na mmeniandika. Akacheka akashika tumbo. Umesoma vizuri? Akashika tumbo. Kwangu.

Kaa wako hatarudi. Nimemuuliza.

Mtoto atapanda kukuona Jumapili ijayo. Nimemruhusu, ingawa hakuniomba ruhusa. Anataka ukoko. Mrudishe Jumatatu.

Na akishuka, umpe aniletee kigoda changu. Deni lile sasa liko wazi, umelithibitisha kwa mkono wako: nilishinda kihalali, bila michembe. Kiwe cha miguu mifupi, nikae naye pale ukingoni anapomwaga wavu. Ila usikitengeneze kizuri sana, Josia, asije akakisifia.

Mhoja